Taa inayocheza: gharama kubwa ni siku gari linapolala

Na Mwandishi Wetu

WENYE magari ya biashara wengi hujiandaa kwa ukaguzi kwa kutazama matairi, breki na bima, wakasahau kitu kilicho mbele ya macho yao kila siku: taa ya mbele iliyolegea. Gari linafikishwa kwa mkaguzi likiwa limeoshwa, balbu zote zinawaka, na dereva ana uhakika wa kupita. Mkaguzi anaweka kiganja juu ya taa, anaisukuma kidogo, na taa inacheza kama jino la mtoto wa miaka sita.

"Afande, mbona inawaka?" dereva hujitetea.

"Inawaka, ndiyo. Inamulika wapi?"

Swali hilo ndilo linalolaza magari. Gari likikataliwa leo, dereva harudi barabarani kesho, tajiri hapati hesabu, na nyumba mbili zinakosa mkate kwa sababu ya kishikizo cha plastiki kisichozidi ukubwa wa kidole gumba. Wiki hii ukurasa huu unatazama soko la taa za mbele na kazi ya kuzitengeneza, ili mwenye gari ajue lini amwite fundi, lini aende dukani, na lini asikubali kuuziwa.

MKAGUZI ANATAFUTA NINI

Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza chombo kibovu kutumika barabarani, na kazi ya kukagua magari iko mikononi mwa wakaguzi wa Kikosi cha Usalama Barabarani cha Jeshi la Polisi. Magari ya biashara yana mzigo wa ziada. Hayo huhitaji leseni ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 na kurithi kazi za nchi kavu zilizokuwa za SUMATRA. Ubora wa gari ni sehemu ya safari ya kuipata leseni hiyo.

Kwa mkaguzi, taa ya mbele ina masharti matatu. Iwake, iwe imekazwa mahali pake, na imulike panapotakiwa. Madereva wengi wanalijua sharti la kwanza tu. Hata hivyo, la pili na la tatu ni kitu kimoja, kwani taa isiyokazwa haiwezi kumulika panapotakiwa hata kama ilipimwa vizuri asubuhi ile ile.

Wapo wanaoazima taa kwa jirani kwa ajili ya siku ya ukaguzi, na wapo wanaotafuta kupita kwa "chai". Wote hao hulipa mara mbili. Aliyeazima anarudisha taa ya watu na kubaki na ubovu wake. Aliyetoa chai anarudi barabarani na taa ile ile, akisubiri trafiki wa kituo kinachofuata.

MILIMITA TATU NA NUSU

Huenda msomaji akaona wakaguzi wanakuza jambo dogo. Basi tufanye hesabu.

Taa ya dimu haimuliki mbele moja kwa moja. Inainamishwa kidogo kuelekea chini, na kipimo kinachotumika sana ni asilimia moja, yaani mwanga ushuke sentimita 10 kwa kila mita 10 unazokwenda. Nchini Uingereza, katika ukaguzi wa kila mwaka unaojulikana kama MOT, taa ambayo kitovu chake hakizidi milimita 850 kutoka ardhini hutakiwa iwe imeinama kati ya asilimia 0.5 na asilimia 2. Taa iliyo juu ya kiwango hicho au chini yake haipiti.

Chukua gari dogo ambalo taa yake iko sentimita 65 kutoka ardhini. Ikiinamishwa asilimia moja, ukingo wa mwanga wake hugusa barabara mita 65 mbele. Kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, hizo ni karibu sekunde tatu za kuona shimo, ng'ombe au mwendesha baiskeli asiye na taa. Taa hiyo ikilala hadi asilimia mbili, mwanga unaishia mita 32 na nusu, na dereva anabaki na sekunde moja na nusu.

Ikiinuka, mambo ni mabaya zaidi, ila kwa mtu mwingine. Taa ikipanda kwa nyuzi moja tu, kuinama kote kunafutika na mwanga unaelekea juu, kwenye macho ya dereva anayekuja. Na nyuzi moja ni kiasi gani? Kwa taa yenye kimo cha sentimita 20, ni mchezo wa milimita tatu na nusu juu au chini ya taa. Ndiyo maana mkaguzi anaisukuma kwa kiganja. Mchezo mdogo unaouona pale mkononi, barabarani ni kumpofusha dereva wa basi lenye watu wengi ndani.

JUA KWANZA KILICHOLEGEA

Kabla ya kutoa hata senti moja, mwenye gari ajue ni kitu gani hasa kinachocheza. Kipimo hiki hakihitaji fundi. Fungua boneti, shika taa kwa mikono miwili, itikise taratibu, na utazame.

Taa nzima ikicheza, tatizo liko kwenye bolti au kwenye vishikizo vya plastiki vinavyoishikilia kwenye bodi. Sababu zake zinajulikana: gari liligongwa kidogo kwenye bampa na kunyooshwa haraka, bodi ilipigwa rangi na fundi akarudisha bolti mbili kati ya nne, au barabara mbovu na matuta yamefanya kazi yake kwa miaka mingi. Anza na lililo rahisi. Hesabu bolti. Mara nyingi ugonjwa wote ni bolti moja iliyobaki gereji, na dawa yake haifiki bei ya chai na chapati.

Taa ikiwa imara lakini reflekta inatikisika kwa ndani, hapo tatizo ni kwenye skrubu za kurekebishia mwanga au vikombe vya plastiki vinavyozishika. Kukaza bolti za nje hakutasaidia kitu. Fundi anayekuambia akaze tu kwa nje hajaangalia ndani.

Vyote viwili vikiwa imara lakini mwanga unacheza, tazama balbu. Balbu ya aina ya H4, inayotumika katika magari mengi, ina masikio matatu na hushikwa na waya wa springi nyuma ya taa. Masikio hayo yasipokaa kwenye nafasi zake, au waya ukiwa umepinda, balbu inakaa upande na mwanga unasambaa ovyo. Aidha, tazama kama soketi imeungua. Balbu ya kawaida ya H4 ni wati 60 kwa fuli na 55 kwa dimu. Wanaofunga za wati 100 ili waone mbali huishia kuyeyusha soketi, na baadaye reflekta.

SOKONI: NJIA TATU

Kama kishikizo kimevunjika kweli, mwenye gari ana njia tatu: kukitengeneza, kununua taa ya mtumba, au kununua taa mpya.

Taa mpya ziko za aina mbili. Ipo ya kiwanda kilichotengeneza gari, ambayo ndiyo ghali kuliko zote na kwa magari ya zamani ni adimu. Na zipo zinazotengenezwa Taiwan, zikiwemo za Depo na TYC, ambazo zimejaa katika maduka ya spea kwa sababu bei yake inabebeka. Ubaya wake hujitokeza pale matundu ya bolti yanapopishana kidogo na bodi. Asikubali mtu kulazimisha, kwani kishikizo kipya kinachovutwa kwa nguvu ndicho cha kwanza kukatika. Dai kuijaribisha kwenye gari kabla ya kulipa.

Taa za mtumba nyingi zinatoka Japani. Huko, gari binafsi jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na gharama ya ukaguzi huo ni moja ya sababu zinazowafanya wenye magari kuyaachia mapema. Magari hayo huuzwa nje mazima au vipande vipande, na kwa njia hiyo ukaguzi wa Japani unalilisha soko letu. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, watu huanzia Kariakoo, Gerezani au Shauri Moyo. Bei ya mtumba na ile ya Taiwan hupishana kulingana na aina ya gari, hivyo uliza zote mbili kabla ya kuamua.

Anayenunua mtumba azingatie mambo matano. Kwanza, hesabu vishikizo vyote na uangalie kama kimojawapo kimeshawahi kuunganishwa. Pili, zungusha skrubu za kurekebishia uone kama reflekta inafuata. Tatu, soma maandishi ya kwenye kioo: taa za Kijapani zina jina la mtengenezaji, kama Koito, Stanley au Ichikoh, pamoja na namba, na namba hiyo ilingane na ya taa yako ya upande wa pili.

Nne, uliza taa imetoka nchi gani. Mwanga wa dimu haukatwi sawa pande zote. Kwa nchi zinazoendesha kushoto, kama Tanzania, Kenya, Uganda, Japani na Uingereza, mwanga hupanda kidogo upande wa kushoto ili kumulika ukingo wa barabara. Taa iliyotoka kwenye gari la Ujerumani au Dubai, ambako wanaendesha kulia, inapandisha mwanga upande wa kulia, yaani usoni kwa anayekuja. Inaweza kuingia kwenye bodi bila shida yoyote, na isirekebishike hata skrubu zizungushwe kutwa nzima.

Tano, dai risiti. Wenye magari wengi huchora namba za magari yao kwenye taa na vioo kwa sababu ya wezi. Taa yenye alama iliyokwanguliwa, hata ikiuzwa nusu bei, ni mali ya mtu anayeitafuta, na kupokea mali ya wizi ni kosa.

KAZI YA FUNDI

Njia ya kutengeneza ndiyo nafuu, ilimradi ifanywe inavyopaswa. Kosa linalorudiwa zaidi ni gundi. Gamba la nyuma la taa nyingi limetengenezwa kwa plastiki ya polipropilini. Geuza taa utaona herufi PP zimegongwa, wakati mwingine zikifuatiwa na herufi na namba nyingine. Plastiki hii ina tabia ya kukataa gundi. Supa gluu hukauka juu yake na kuonekana imeshika, kisha hubanduka kama ganda kwenye tuta la kwanza. Gundi za kuchanganya pia hazidumu juu yake.

Dawa ya polipropilini ni moto. Fundi aanze kwa kuchomoa waya wa hasi wa betri, kisha afungue bolti za taa, ambazo katika magari mengi ya Kijapani ni za spana namba 10. Mara nyingi bolti moja au mbili huwa zimejificha nyuma ya bampa, na fundi anayevuta taa kabla ya kulegeza bampa ndiye anayevunja kishikizo cha pili. Soketi za waya zichomolewe kwa kubonyeza klipu yake, sio kwa kuvuta waya.

Sehemu iliyovunjika isafishwe kwa sabuni na ikaushwe. Kipande kilichokatika kikiwepo kirudishwe mahali pake; ndiyo maana asitupe mtu kipande hata kiwe kidogo namna gani. Pande mbili ziyeyushwe pamoja kwa pasi ya kuchomelea risasi, kisha kipande cha wavu mwembamba wa chuma kisichoshika kutu kizamishwe ndani ya plastiki ikiwa bado laini. Juu yake iongezwe plastiki ya aina ile ile, hata iliyokatwa kwenye bampa bovu lenye herufi PP. Kazi ifanyike penye hewa, kwani moshi wa plastiki si wa kuvuta.

Kipande kikiwa kimepotea, fundi anaweza kukata bamba la aluminiamu, akalikunja kufuata umbo la kishikizo, na kulifunga kwa skrubu fupi zenye washa pana. Skrubu zikiwa ndefu zitatoboa hadi ndani ya taa na kuingiza maji. Taa yenye maji huvuruga mwanga na kuharibu reflekta, na hapo nafuu yote inakuwa imepotea.

Wakati wa kurudisha, bolti zote zishikizwe kwanza kwa mkono. Fundi atazame nafasi kati ya taa, boneti na bampa, ailinganishe na upande wa pili, ndipo akaze, na asizidishe. Plastiki iliyobanwa kupita kiasi hupasuka yenyewe wiki mbili baadaye, na mwenye gari akadhani fundi alimwibia.

UKUTA NA CHAKI

Taa iliyofunguliwa ikarudishwa bila kupimwa mwanga ni kazi nusu. Gereji zenye mashine hufanya kwa dakika chache. Asiye na mashine atumie ukuta, chaki na futi kamba.

Jaza upepo matairi yote, weka mzigo wa kawaida wa gari, dereva akae kwenye kiti chake. Simamisha gari kwenye sakafu iliyo sawa, mita 10 kutoka ukutani, likiutazama ukuta moja kwa moja. Pima kimo cha kitovu cha taa kutoka chini na uchore mstari ukutani kwa kimo hicho. Chora mstari wa pili sentimita 10 chini ya ule wa kwanza. Giza likiingia, washa dimu na ufunike taa moja kwa nguo kwa muda mfupi. Ukingo wa juu wa mwanga unatakiwa ukae kwenye mstari wa pili, na kwa upande wa kushoto upande kidogo. Zungusha skrubu hadi ufike hapo, kisha urudie taa ya pili.

Baada ya hapo piga boneti, tikisa bampa, endesha gari kwenye barabara ya vumbi kilometa chache, na urudi ukutani. Mwanga ukiwa umebaki kwenye mstari, gari liko tayari kwa mkaguzi. Ukiwa umehama, afadhali ukugundue wewe kuliko yeye.

HESABU YA TAJIRI

Sasa turudi kwenye fedha. Tarakimu zifuatazo ni za mfano wa kufanyia hesabu tu, sio bei za wiki hii. Kila mmoja aweke zake.

Tuseme hesabu ya siku ni sh. 30,000. Fundi wa kuchomelea plastiki anataka sh. 40,000 na nusu siku. Taa ya mtumba ni sh. 120,000 na inafungwa na kupimwa jioni gari likiwa limeshamaliza kazi. Kuchomelea kunamgharimu tajiri sh. 40,000 pamoja na sh. 15,000 za nusu siku, jumla sh. 55,000. Hapo kutengeneza kunashinda bila ubishi.

Lakini tuseme gari limeshakataliwa, haliruhusiwi kutembea, na fundi ana foleni hadi siku tatu. Sasa ni sh. 90,000 za kulala, jumlisha sh. 40,000 za fundi, unapata sh. 130,000. Taa ya mtumba iliyoonekana ghali jana, leo imekuwa nafuu.

Na yule aliyepaka supa gluu ya sh. 5,000? Alikataliwa, akalaza gari siku mbili akihangaika, kisha akamfuata fundi yule yule aliyemkimbia. Sh. 5,000, sh. 60,000 na sh. 55,000 zinafika sh. 120,000. Kwa fedha hiyo angekuwa na taa nzima.

Kinachobadilisha hesabu hizo tatu ni siku aliyoanza kushughulika. Anayetikisa taa zake wiki tatu kabla ya ukaguzi anachagua kati ya njia zote, anapatana bei, na anamsubiri fundi mzuri. Anayesubiri kiganja cha mkaguzi hana cha kuchagua, na wauzaji wanalijua hilo kwa kumtazama usoni.

Basi leo jioni, kabla ya kufunga geti, fungua boneti na ushike taa kwa mikono miwili. Dakika mbili zinatosha. Kama inacheza, umelijua jambo hilo ukiwa nyumbani kwako, gari likiwa bado lina kazi ya kesho.